Chembe ya Mchanga wa Kibirizi

Pale Kibirizi, mwalo wa wavuvi Kigoma, kuna saa moja ya asubuhi ambayo mpiga picha haiachi ipite. Mitumbwi imerudi, karabai zimezimwa, akina mama wanatandaza dagaa, na ziwa nyuma yao linang'aa kama bati jipya. Alhamisi moja ya mwaka 2016 nililala kifudifudi mchangani na kamera yangu ndogo, nikitaka dagaa mmoja awe mkubwa mbele na mama mwenye kanga awe mdogo nyuma. Upepo ukavuma kutoka ziwani. Nikapangusa kamera kwa shati, nikazungusha lenzi ijikunje niondoke. Ikagoma katikati. Ilitoa mlio wa mtu aliyetafuna wali wenye mchanga.

Jumamosi nilikuwa na harusi Ujiji, na malipo ya awali nilishayala.

Kamera yenyewe ilikuwa imeshanitia kejeli za kutosha. Harusini kwetu mpiga picha hupimwa kwa ukubwa wa mtambo alioubeba, na wangu ulienea kiganjani. Wenzangu waliuita kamera ya mtoto. Siri ya udogo ule ni kwamba ndani hamna kioo cha kuruka juu kila unapobonyeza, kama kwenye kamera zile kubwa. Kioo kikiondoka, lenzi inasogea karibu na sensa, kile kibapa kinachopokea picha. Katika mfumo huu, Micro Four Thirds, ambao Olympus na Panasonic waliutangaza mwaka 2008, kutoka mdomo wa kamera hadi kwenye sensa ni milimita 19.25 tu, mfumo wa kabla yake, wenye kioo, ulihitaji 38.67. Sensa yenyewe ni milimita 17.3 kwa 13, karibu sawa na ukucha wa kidole gumba. Kilichobaki kirefu ni lenzi ya zumu, ile ya kuvuta picha karibu, na lenzi ya zumu kwa sehemu kubwa ni hewa: vioo vichache vinavyosogeleana na kuachana. Wabunifu wakaona basi, ukimaliza kupiga picha, hewa hiyo ya nini? Ikunjwe.

Hayo niliyajua kwa kusoma. Kwa macho niliyaona mtaa wa Mwanga, kwenye meza ya mzee mmoja fundi saa, jirani na soko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo saa gani hiyo?"

Nilipomweleza aliigeuzageuza, akaiweka sikioni, akaizungusha kidogo, akaguna. Alisema mdudu huyo hajawahi kumfungua, lakini skrubu anazijua. Kisha akanipa kazi ya kushika karatasi. Kila skrubu iliyotoka aliiweka mahali pake juu ya karatasi ile na kuizungushia duara kwa penseli, na kabla ya kuchomoa mrija wowote aliuchora alama ili ajue ulikaaje.

Mirija ilikuwa mitatu, mmoja ndani ya mwenzake, kama seti ya sufuria za bi harusi. Kwenye ukuta wa mmoja wao kulikuwa na mifereji mitatu inayopanda kwa kuzunguka, na ndani ya kila mfereji inatembea pini fupi iliyovishwa kofia ya plastiki. Mzee aliinama na lenzi yake ya jichoni, akakaa kimya muda mrefu.

"Njoo uone, mwanangu. Hapa mwanzo mfereji umesimama, unakimbia. Hapo ni kufungua mlango tu. Halafu unalala, unapinda pole pole. Hapa ndipo kazi ilipo."

Sijawahi kusoma maelezo ya lenzi ya kukunjwa yaliyo mafupi na sahihi kama hayo. Sehemu moja ya mfereji ni ya kuitoa lenzi mafichoni. Iliyobaki, kwa mpindo wake, ndiyo inayokiambia kila kikundi cha vioo kiende umbali gani unapovuta picha karibu.

Kioo kimoja kilimsumbua. Alikielekeza kwenye balbu na taa ikatembea juu yake kwa mwendo usio sawa, ikakaza mbio ilipofika ukingoni. Akadhani kimesagwa vibaya. Nikamwambia kimefanywa hivyo makusudi, uso wake si kipande cha tufe, na kimoja cha namna hiyo kinaweza kufanya kazi ya viwili vitatu vya kawaida. Kinachobaki, kama mistari kupinda pembeni, kompyuta ya kamera huinyoosha. "Kumbe wamebana kila mahali," akasema.

Chembe tuliipata kwenye mfereji wa pili. Moja. Ilikuwa imepasua kofia ya pini. Mzee aliing'oa kwa kibano, akasafisha mfereji kwa spiriti, akakata ganda la waya wa chaja ya simu, akalisugua kwa msasa mpaka likaivaa pini ile barabara. Akanionya pia juu ya waya bapa wa rangi ya chungwa uliopita katikati ya mirija. Kila nikifungua na kukunja lenzi, huyo naye anakunjwa, akasema, na siku yake itafika.

Tukafunga. Lenzi ikatoka na kurudi laini kabisa. Ila wakati wa kufunga duara moja kwenye karatasi tulilikuta tayari tupu: chini ya skrubu tatu za kioo cha mbele palikuwa na vipande vya kukisawazisha, vyembamba kama ganda la kitunguu, na kimoja kilikuwa kimeanguka. Tulipapasa sakafuni mpaka magoti yakauma. Mzee akaona karatasi nyembamba vile haiwezi kuwa na maana kubwa. Hata mimi niliamini hivyo, mpaka nilipofika nyumbani na kuona upande wa kushoto wa kila picha una ukungu. Kioo cha mbele kilikuwa kimeinama unywele. Na picha ya albamu yenye upana wa sentimita 30 inatokana na sensa ile kwa kukuzwa mara 17 hivi, kwa hiyo kosa nalo hukuzwa mara 17.

Kuagiza lenzi nyingine Dar ilikuwa ndoto. Jumamosi nikaenda nayo Ujiji hivyo hivyo. Maharusi kulia. Wazazi kulia. Kushoto nikaweka maua, spika, keki ikishakatwa. Ilikwenda vizuri mpaka shangazi wa bwana harusi aliponisimamisha mbele ya watu.

"Wewe kijana, mbona kila nikikaa huku unanihamisha?"

"Mwanga, shangazi."

"Mwanga ni huko ulikotoka. Hapa ni Ujiji."

Akakaa palepale, kushoto.