Mazimwi ya Yu-Gi-Oh! VRAINS na njaa ya watoto sita

Wiki iliyopita nilimaliza kutazama kwa mara ya pili vipindi vyote 120 vya Yu-Gi-Oh! VRAINS, anime (katuni ya Kijapani) ya mapambano ya kadi, na safari hii sikutazama peke yangu, kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa na mdogo wangu wa kidato cha pili alikuwa amekuja kukaa nami mtaani Umoja, Nairobi, tukawa kila usiku tunaweka kipakatalishi juu ya ndoo iliyofunikwa na kutazama hadi macho yakakataa. Mara ya kwanza nilivinakili kwenye fleshi katika duka la muvi, nikavitazama kwa ajili ya mapigano tu. Mara hii nimeona jambo ambalo wakati ule nililipita kama mtu asiyejua kusoma, na ndilo lililonifanya niandike.

Kwa asiyeifahamu, anime hii ilionyeshwa Japani na kituo cha TV Tokyo kuanzia Mei 2017 hadi Septemba 2019. Wakazi wa mji wa Den City huingia katika ulimwengu wa mtandaoni uitwao LINK VRAINS, wakavaa sura na majina mengine, wakapambana kwa kadi zinazoita mazimwi. Kila mchezaji huanza na pointi 4000, na zikiisha ameshindwa. Katika mapambano ya kasi, wachezaji husimama juu ya vibao na kupeperushwa na tufani ya data, huku wakicheza kadi zao hewani.

Mdogo wangu alipenda sana hesabu za mchezo, na nilimwelewa. Chukua zimwi la Decode Talker, ambalo ni shujaa mwenye upanga mkubwa na nguvu 2300. Kadi yake haina hesabu ya kujihami hata kidogo, lakini pembezoni mwake pana mishale mitatu, na kila mshale unaoelekea kwenye zimwi jingine lililo uwanjani humwongezea shujaa huyo nguvu 500, kiasi kwamba mishale yote mitatu ikipata wa kumwelekea hufika 3800. Mdogo wangu alikuwa na daftari pembeni, akiandika kila zimwi na kujumlisha kabla mchezaji hajatamka lolote, na alipopatia alipiga paja. Mhusika mkuu, Yusaku Fujiki, ambaye akiwa mle ndani huitwa Playmaker, ana uwezo mmoja zaidi: pointi zake zikishuka hadi 1000 au chini ya hapo, anaweza kuutumbukiza mkono ndani ya tufani na kuchomoa zimwi ambalo hata yeye mwenyewe halijui.

Yusaku hachezi kwa kujifurahisha. Alipokuwa na umri wa miaka sita alitekwa pamoja na watoto wengine watano, wakafungiwa kila mmoja katika chumba chake kwa miezi sita, wamevishwa miwani ya uhalisia pepe, ile inayomwonyesha mtu ulimwengu wa kompyuta tu, na kulazimishwa kupambana kwa kadi siku baada ya siku. Mtoto akishinda alipata chakula. Akishindwa alipigwa shoti ya umeme na chakula kikapungua. Mwanasayansi aliyewateka, Profesa Kogami, alitaka michezo hiyo iifunze akili bandia kufikiri, na kweli katika mapambano ya watoto hao sita zilizaliwa akili sita zilizoitwa Ignis.

Hapo ndipo neno letu lilipoanza kunisumbua. Tunasema “uhalisia pepe”, na kila aliyewahi kupepeta mpunga anajua pepe ni nini: ni ganda lisilo na kiini, linaloruka na upepo. Mazimwi yaliyopigana na watoto wale yalikuwa mapepe, lakini njaa haikuwa pepe. Kuna tukio ambalo Yusaku mdogo amelala sakafuni katika chumba cheupe, hana nguvu ya kuinuka, nje ya pambano lolote, na kamera inamkalia kwa muda mrefu kuliko inavyolikalia zimwi lolote. Kinachomwinua ni sauti ya mtoto mwingine asiyemwona, inayomwambia afikirie mambo matatu: matatu ya kumfanya aishi, matatu ya kumrudisha nyumbani, matatu ya kumshinda adui. Ndiyo sababu akishakua hutaja kila mara sababu tatu za analolifanya. Sauti ile ilikuwa ya Ryoken, mtoto wa profesa mwenyewe, ambaye ndiye aliyewapigia polisi simu watoto wakaokolewa, na ambaye baadaye anarudi akiwa Revolver, adui mkubwa wa Yusaku. Sijaona katika anime nyingine ya aina hii adui aliyejengwa kwa uangalifu kiasi hicho.

Nilipoitazama mara ya kwanza sikuwa bado nimefanya kazi ya kuifunza mashine. Baadaye nilifanya kwa miezi minane, katika kampuni moja hapa mjini, nikichora visanduku kuzunguka watu na magari katika picha za barabara za nchi ambazo sijafika. Nakumbuka picha ya mtoto aliyeshika puto: msimamizi aliirudisha mara tatu kwa sababu hatukukubaliana kama puto liingie ndani ya kisanduku cha mtoto au liachwe nje. Mwaka 2023 vyombo vya habari vya kimataifa viliripoti kuhusu vijana wa humu humu Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa ili wasome maandishi ya ukatili na kuyawekea alama, mashine ipate kuyatambua. Siilinganishi kazi yangu na mateso ya watoto wale, kwa maana mimi nilikwenda kwa hiari na jioni nilirudi nyumbani. Hata hivyo, nikiwaona wale sita nakumbuka kwamba kila akili bandia ina mtu aliyekaa chumbani akaifundisha, na anime hii inamtafuta mtu huyo na kumpa jina.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na sijui methali inayomfaa zaidi Ai, yule Ignis aliyezaliwa na mapambano ya Yusaku. Mwanzoni ni jicho tu ndani ya kifaa cha mkononi, mateka anayepiga domo bila kukoma. Yusaku hamwamini, naye haogopi kumkera. Rafiki mwingine wa Yusaku ni Kusanagi, muuza soseji wa garini ambaye mdogo wake pia alikuwa miongoni mwa watoto waliotekwa. Kwangu ana sura ya wale wauza smoki wa stejini, wanaosikia kila kitu na kusema kidogo.

Zipo kasoro. Vipindi vya kurudia yaliyopita ni vingi mno, na Aoi, msichana aliyeanza vizuri akiwa Blue Angel, hushindwa mara nyingi kuliko alivyostahili.

Asiyetaka kujua mwisho aishie hapa. Ai, akiwa amebaki peke yake baada ya Ignis wenzake kuangamia, anayakadiria yajayo mara nyingi kwa akili yake ya mashine, na anaona kwamba akiendelea kuishi, Yusaku atakufa akimkinga. Basi analazimisha pambano ambalo ndani yake anataka kushindwa. Yusaku anamsihi waishi pamoja, Ai anakataa, na kadi zinaendelea kuchezwa kwa sheria zile zile, pointi 4000 kwa 4000. Daftari lilikuwa wazi mapajani mwa mdogo wangu, kalamu mkononi, na pambano zima hakuandika hata tarakimu moja.