Summertime: Billie Holiday, au Ella na Louis?

Nani aliuimba vizuri zaidi wimbo wa "Summertime"? Hapa Lubumbashi ubishi huu hauishi, na mara nyingi spika ya simu ndiyo inauharibu: inameza besi (sauti nzito za chini), na bila besi husikii jinsi Billie Holiday, mwimbaji wa jazi wa Marekani, anavyochelewa. Katika rekodi yake ya 1936 bendi inatembea haraka, yeye anaburuta maneno nyuma ya mpigo. Hesabu nne nne kwa mguu, utamkamata. Tumia vipokea sauti vya masikioni, na sawazisha sauti ya rekodi zote kwanza. Yenye nguvu zaidi hudanganya sikio.

George Gershwin aliutunga kama wimbo wa kubembeleza mtoto, kwa opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) ya 1935. Ella Fitzgerald na Louis Armstrong (1957) wanauheshimu: polepole, tarumbeta inafungua, Ella anaanza, Louis anafuata. Ella anaporudi, Louis anamjibu kwa silabi tupu zisizo na maana. Uzuri mtupu! Lakini mimi nabaki na Billie.