Kumbukumbu ya mradi: nondo tatu zilizopotea ukingoni mwa Msimbazi

Masika yamekwisha, maji yamepungua, na Jumamosi nimerudi kwenye kipande changu cha mita 40 cha Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam, juu kidogo ya Tabata, kusoma nondo 12 za chuma nilizozipigilia Februari. Kila nondo ina sentimita 60, nami niliiingiza mlalo ukingoni nikabakiza sentimita 5 nje, ili urefu utakaochomoza baadaye unionyeshe udongo ulioliwa.

Nondo 9 nilizikuta, na wastani wa udongo ulioondoka ni sentimita 14. Tatu za kwenye kona hazikuonekana. Niliwaza kwanza wakusanyaji wa chuma chakavu, lakini nondo iliyochomolewa kwa mkono huacha tundu, na pale hapakuwa na tundu: ukingo ulikuwa mbichi, mwekundu, umekatika wima, mizizi ya matete ikining'inia, na chini yake bonge la udongo limelala majini na nyasi zake. Ni mto uliozichukua.

Hapo ndipo nilipokaribia kukosea, kwani nilitaka kuziacha nje ya hesabu, ilhali zilikuwa mahali palipoliwa kuliko pengine pote. Nikizihesabia sentimita 55, yaani urefu wote uliokuwa ndani ya udongo, wastani unapanda hadi sentimita 24. Ukingo una kimo cha mita 2.5, na udongo wake uliojaza kopo la sentimita za ujazo 100, baada ya kukaushwa kwa nyuzi 105, ulikuwa na gramu 140. Kwa hiyo kipande hiki kimetoa tani 34 hivi, wala si 20 ambazo ningepata kwa wastani wa sentimita 14.

Tani hizo hazishuki zote hadi bonde la Jangwani, huko chini mtoni. Nilipoupitisha udongo kwenye chekeche la milimita 0.063, sehemu 6 kati ya 10 zilibaki juu, nazo ni mchanga unaosogea polepole kwenye sakafu ya mto. Zilizopita, kama tani 14, ndizo zinazoyatia maji rangi ya chai ya maziwa.

Vuli nitapigilia kwenye kona hiyo nondo za mita 1, na nitakwenda kila mara mto unapoanza kushuka, kwa kuwa ukingo uliolowa huporomoka zaidi pale maji yaliyokuwa yakiuegemeza yanapoondoka. Nitateka pia maji kwa chupa darajani, kwani pasipo kupima tope lote lipitalo sitaweza kutenganisha fungu la ukingo na lile linaloletwa na barabara za vumbi na bustani za mabondeni.