Watoto wa Kwaya Walipoitwa Mmoja Mmoja

Nafundisha kwaya ya watoto hapa Mombasa. Mwaka jana sita kati yao, wa miaka 9 hadi 14, walitaka kwenda kwenye usaili wa mchezo wa kuigiza wenye nyimbo na ngoma, uliokuwa ukiandaliwa na kikundi kimoja cha mjini. Kuimba, walijua. Ila hakuna hata mmoja aliyewahi kuimba peke yake.

Mtoto aliyekulia kwenye tamasha za muziki za shule, ambazo Kenya inazo tangu 1927, ana nidhamu ya ajabu. Anaijua doh yake, yaani sauti ya kwanza ya ngazi ya wimbo, anaingia kwa wakati, na mikono inapanda na kushuka sawia na ya wenzake thelathini. Siku ya kwanza nilimsimamisha binti wa miaka 11 katikati ya chumba. Mikono ikapanda kwenye neno "jua", ikashuka kwenye "bahari", macho yakaganda ukutani juu ya kichwa changu. Sauti safi, mwenyewe hayupo.

Tulikuwa na Jumamosi 5. Ya kwanza iliishia kwenye kuchagua nyimbo, kwa sababu waandalizi walitaka baa 16 tu. (Mama mmoja alishtuka: "Baa kumi na sita, Mwalimu? Watoto hawa?") Nikamweleza kuwa ni vipande vya wimbo vya mapigo manne manne, kwa mwendo wa mapigo 96 kwa dakika, vyote 16 ni sekunde 40. Basi hakuna nafasi ya kupasha koo moto humo ndani. Tulianzia pale wimbo unapochemka. Mvulana wa miaka 14, sauti imeanza kupasuka, aling'ang'ania wimbo uliompa zawadi akiwa na miaka 12. Nikashusha doh kutoka G hadi D. Akanuna, akaimba, akanyamaza. Wiki iliyofuata alikuja na wimbo mwingine, wa chini, aliouchagua mwenyewe.

Kuhusu ile mikono, nilimpa binti ungo wa mchele auchague huku akimwimbia mdogo wake aliyekaa mbele yake mkekani. Mara ya tatu, alipofika kwenye neno moja tu, vidole vikasimama, akainua macho akamtazama mdogo wake. "Hapo hapo!" nikasema. Ungo tukauondoa, yale macho yakabaki.

Kilichonisumbua zaidi ni kitu ambacho sikukitarajia. Kwenye usaili mtoto husimamishwa katikati ya wimbo na kuambiwa, "Imba tena, sasa kama unamficha mtu habari." Kwa watoto wangu kusimamishwa ni kukosea. Nilipomfanyia hivyo yule mdogo kabisa kati ya sita, alilia. Ndipo nikaandika vikaratasi nikavitia kwenye kikombe: "matatu inaondoka", "umegombana na dada", "kuna mtoto amelala". Mmoja anaimba, mwenzake anachomoa karatasi, wimbo unabadilika papo hapo. Kufika Jumamosi ya nne walikuwa wanagombania kusimamishwa. Ningelijua hilo mapema, mazoezi mengine ningeyapunguza nusu.

Ngoma haikutupa taabu. Niliwaambia tu wasijifiche mstari wa nyuma, maana mistari hubadilishana na zamu ya mbele itawafikia.

Siku yenyewe mimi ndiye niliyeshika simu yenye muziki. Wote niliwakumbusha kunywa maji, kutaja jina kwa sauti, kutotafuna kitu. Simu yangu mwenyewe nikasahau kuizimia mtandao. Binti yuko baa ya sita, fundi wa friji akapiga! Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akangoja mlio ukatike, akasema, "Naomba kuanza tena." Maneno hayo tulikuwa tumeyafanyia mazoezi. Pale mezani wakacheka, mmoja akamwambia, "Anza, lakini sasa uimbe kama umechoka kungoja." Akaimba huku anaitupia jicho simu yangu.

Waliitwa wanne. Mvulana wa miaka 14 alikuwamo, binti pia. Yule mdogo hakuitwa. Tukarudi naye kwa matatu, kimya mpaka tulipofika Buxton.

"Mwalimu," akasema, "ile ya matatu inaondoka, mbona hawakuniuliza?"