Jinsi ninavyookoa picha kwenye memori kadi iliyogoma

Kamera ikikuandikia kwamba kadi haisomeki, au kompyuta ikikutaka uifomati kadi kwanza ndipo uitumie, bonyeza Cancel na uichomoe. Usijaribu kupiga picha nyingine "kuona kama imerudi." Mimi hukisukuma kile kidude cha pembeni kiende upande wa Lock, kisha naiweka kadi kando mpaka niwe na kompyuta yenye nafasi ya kutosha. microSD haina kidude hicho, kwa hiyo naiingiza kwenye adapta yake. Ujue tu kwamba kufuli hilo ni kipande cha plastiki kisichounganishwa na chochote ndani ya kadi. Kisoma kadi ndicho kinachotambua kidude kimekaa upande gani na kukataa kuandika. Vingi hukitii, vingine havijali.

Haraka hiyo ya kuichomoa ina sababu. Mara nyingi picha zenyewe ziko salama, kilichoharibika ni daftari la kadi, yaani ile orodha inayosema faili gani limeanzia wapi na linaendelea wapi. Hata ukifuta picha kwenye kadi ya FAT32 (mtindo wa daftari unaotumiwa na kadi nyingi), kinachobadilika ni baiti ya kwanza ya jina lake, inayogeuzwa kuwa E5, na ile nafasi yake kuandikwa kuwa huru. Picha inabaki palepale mpaka faili jipya lije kuikalia. Kufomati kwa kawaida ndani ya kamera ni hivyohivyo: daftari linaanzishwa upya na folda ya DCIM inatengenezwa, basi. Isipokuwa ukichagua ule ufomati wa kina ambao baadhi ya kamera wanauita low level format. Huo unafuta kweli, na baada yake sina dawa.

Kwa sababu hiyo hiyo siendeshi chkdsk /f, amri ya Windows ya kurekebisha diski, kwenye kadi ambayo sijaichukulia nakala. Kazi yake ni kulinyoosha daftari, haijali picha zako. Itakata minyororo ya faili inayoona haieleweki na kukuachia mafaili ya FILE0000.CHK, na mabadiliko hayo inayaandika kwenye kadi ileile unayotaka kuiokoa.

Kabla ya programu yoyote, angalia mguso. SD ya kawaida ina vibati tisa vya dhahabu mgongoni, na kimoja kikiwa na mafuta ya vidole kadi nzima inaweza kuonekana imekufa. Futa kwa kitambaa laini kilicholowa kidogo spiriti ya isopropili, acha ikauke, kisha jaribu kisoma kadi kingine. Usisugue kwa kifutio cha penseli, kinakwangua dhahabu. Na usitegemee waya wa kamera: kamera nyingi zikiunganishwa kwa waya hutoa orodha ya picha tu, haziruhusu kompyuta isome sekta za kadi, yaani vile vipande vidogo ilivyogawanywa, moja kwa moja. Kazi hii inahitaji kisoma kadi.

Sasa nakala, nayo ndiyo roho ya kazi yote. Natengeneza faili moja lenye kila baiti ya kadi, pamoja na sehemu zinazoonekana tupu, kisha nahangaika na faili hilo. Natumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kwenye Linux. Mwenye Windows anaweza kuwasha kompyuta kwa flashi yenye SystemRescue, mfumo wa Linux wa uokoaji, ambao unakuja na ddrescue na PhotoRec (programu ya kutafuta picha zilizopotea) ndani yake. Kwanza naandika amri ya lsblk, inayoorodhesha diski zote, nijue kadi imepewa jina gani. Naitambua kwa ukubwa: kadi ya GB 32 itaonekana kama 29 na kitu hivi, kwa sababu mtengenezaji anahesabu kwa 1,000 na kompyuta inahesabu kwa 1,024. Tuseme ni sdb:

ddrescue -d -n /dev/sdb kadi.img kadi.map

Chanzo kinatangulia, nakala inafuata. Naandika sdb nzima, si sdb1 ambayo ni sehemu yake ya kwanza tu, maana jedwali la sehemu lenyewe linaweza kuwa ndilo lililoharibika. Kadi isiyo na ubovu inayosoma MB 20 kwa sekunde itachukua kama dakika 27 kwa GB 32. Ile -n inaiambia programu ivune kwanza palipo rahisi na ising'ang'anie pabovu. Kadi mbovu inaweza kukata roho katikati ya kazi, kwa hiyo ni vizuri vilivyo vizima vitoke mapema. Baada ya hapo narudi kwenye sehemu zilizobaki:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb kadi.img kadi.map

Faili la map linakumbuka palipofikiwa. Kadi ikijichomoa yenyewe au ikipata moto sana, iache ipoe, irudishe na urudie amri ileile, itaendelea ilipoishia. Angalia tu kama jina bado ni sdb, kwani likirudi huweza kuwa sdc.

Kisha naiweka kadi mbali na kufungua nakala: photorec kadi.img. Hapa wengi hukosea chaguo mbili. Ya kwanza ni Free au Whole. Free inapekua nafasi iliyo huru tu, inafaa kama kadi ni nzima na ulifuta picha kwa bahati mbaya. Daftari likiwa limeharibika chagua Whole. Ya pili ni aina za faili. Ukiziacha zote utapata takataka nyingi, kwa hiyo naingia File Opt, nabonyeza s kuzima zote, halafu nawasha jpg, na mov ikiwa kuna video, maana mp4 imo humo. Picha ghafi za NEF (Nikon) na CR2 (Canon) zimo chini ya tif. Unapoulizwa pa kuhifadhi, chagua diski ya kompyuta.

PhotoRec haisomi daftari kabisa. Inapita sekta baada ya sekta ikitafuta mwanzo wa faili unaotambulika. JPEG, kwa mfano, huanza na FF D8 FF. Ndiyo maana inafaulu pale ambapo kompyuta inaona kadi tupu, na ndiyo maana majina ya zamani yanapotea. Utakuta folda recup_dir.1, recup_dir.2, zenye majina kama f0123456.jpg, namba ikiwa ni ya sekta faili lilipoanzia. Yale yanayoanza na t ni vijipicha vidogo vilivyokuwa ndani ya picha kubwa. Usiyafute upesi: picha kubwa ikiwa imeharibika, kijipicha kinaweza kuwa ndicho pekee kilichobaki. Tarehe ya kupigwa ipo bado ndani ya picha, kwa hiyo majina nayapanga upya kwa exiftool, programu inayosoma taarifa zilizofichwa ndani ya picha:

exiftool "-FileName<DateTimeOriginal" -d "%Y%m%d_%H%M%S%%-c.%%e" recup_dir.1

Kisha nafungua picha moja moja kwa ukubwa kamili. Vijipicha vya folda vinadanganya. Utakuta picha ambayo juu uso uko safi, macho, paji, kila kitu, na kuanzia kidevu kwenda chini ni kijivu kitupu, au rangi zimehama na kuanza picha ya siku nyingine. Hiyo ni picha iliyokuwa imeandikwa vipande viwili mbali na mbali kwa sababu kadi ilijaa na kufutwafutwa. Kipande cha pili hakipo mahali programu ilipotarajia. Mtu anayefuta picha mojamoja kwenye kamera ili apate nafasi anajitengenezea tatizo hili. Mimi nahamisha zote, nahakikisha nakala mbili zinafunguka, ndipo naifomati kadi nzima, na naifomatia ndani ya kamera.

Video ni ngumu zaidi. Faili la mp4 lina faharasa iitwayo moov, na kamera nyingi huiandika mwishoni, unapobonyeza kusimamisha. Betri ikikatika katikati ya kurekodi, picha na sauti zipo ila hakuna faharasa, na hakuna kichezeo kitakachoifungua. Programu ya untrunc huweza kuitengeneza upya ukiipa video nzima iliyopigwa kwa kamera ileile na mipangilio ileile, kwa hiyo tunza hata moja fupi.

Na kadi yenyewe? Kama ddrescue ilikuta sekta zisizosomeka, siitumii tena. Kama ilisoma yote, naipima kwa f3write kisha f3read, zinazoijaza mpaka mwisho na kusoma zilichoandika. Kadi bandia hunaswa hapo: imeandikwa GB 64 nje, ndani ni nane, na inakubali kila picha bila kulalamika. Majina yanaonekana, ukubwa unaonekana, ila kila kilichopita GB nane hakifunguki. Picha za namna hiyo hazikuwahi kuandikwa popote, na hakuna programu itakayozirudisha. Ndiyo maana kadi mpya naipima siku ninayoipata, kabla haijaingia kwenye kamera.