Nilivyomtazamisha Mama filamu ya mabibi wanne wa Uingereza

Mama yangu haoni tena, presha ya macho imemmaliza. Kiingereza chake ni cha salamu tu. Lakini amekulia kwenye michezo ya redio, na mazungumzo matamu hayampiti. Nilipoipata Nothing Like a Dame, aliyoiongoza Roger Michell mwaka 2018, nikajua hii itamfaa. Hamna mbio wala bunduki: waigizaji wanne wakongwe, marafiki wa tangu ujanani, wamekaa nyumbani kwa mmoja wao huko Sussex wanapiga soga.

Nilianza na sauti. Nilimsikilizisha kwanza vipande vifupi: Maggie Smith huongea kama amebana pua, Judi Dench ana mikwaruzo kooni, Joan Plowright huenda taratibu. Eileen Atkins alinishinda kumweleza, nikamwambia Mama atakayebaki ndiye huyo. Nikamweleza pia kwamba Joan, mwenye nyumba, mjane wa mwigizaji maarufu Laurence Olivier, naye alikuwa haoni, na ndiyo sababu aliacha uigizaji mwaka 2014. Basi ikawa kila dakika, “Mwenzangu kasema nini?”

Sikutafsiri neno kwa neno. Mzaha ukiisha nasimamisha, namsimulia, kisha narudisha nyuma kidogo ili asikie kicheko chao akiwa ameshajua wanachekea nini. Hapo ndipo utamu ulipo. Katika tamthilia ya Othello ya 1964, Olivier alimzaba Maggie kofi la kweli jukwaani, naye Maggie anasema hiyo ndiyo mara pekee aliyoona nyota katika National Theatre. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Kisha akashtuka: “Si ndiye mume wa mwenzangu huyo?” Ndiye. “Na wamekaa pamoja wanacheka!”

Kilichomkera ni habari ya Cleopatra, yule malkia wa Misri katika tamthilia ya Shakespeare. Judi aliigiza nafasi hiyo London mwaka 1987, lakini Maggie alikwenda kuiigizia Kanada kwa sababu London aliogopa. Mama hakuelewa mtu mwenye sauti ile anaogopa nini.

Joan naye anasimulia wakala wake wa Marekani alivyomwahidi kumtafutia nafasi ndogo ambayo Judi hajaitia mkononi. Hiyo tuliirudia mpaka Mama akaihifadhi.

Sasa jirani yetu, ambaye macho yake nayo yamefifia, ameomba kuja. Nimemwambia Mama msimulizi atakuwa yeye, mimi nitashika rimoti.