Ile 96% nyekundu ilikuwa ya kwangu

Naandika hii macho bado yanauma. Nina darasa la wanafunzi mia mbili na kitu, kozi ya sarufi ya Kiswahili, na koswaki zao wanapandisha Moodle, ule mfumo wa masomo wa mtandaoni, halafu Turnitin inazisoma humohumo, ile programu inayolinganisha kazi na maandishi mengine na kutoa asilimia ya vilivyofanana ili kukamata walionakili. Zamani uliletewa mrundo wa makaratasi ofisini ukaubeba kwenye rambo mpaka ndani ya daladala, siku hizi mzigo uko kwenye laptopu ila kichwa kinauma vilevile.

Nianze na kosa langu mwenyewe maana sisi walimu tunapenda kuwasema madogo tu. Mwaka jana nilikuwa nasimamia tafiti za mwaka wa tatu, nikajifanya mama huruma, nikawaambia nitumieni rasimu kwa imeili niwapitishie Turnitin muone mmesimamaje kabla ya kukabidhi rasmi. Nikazipandisha zote jioni moja kwa akaunti yangu mimi, sikugusa setingi hata moja. Sasa kwenye setingi kuna sehemu inakuuliza hii kazi itunzwe kwenye ghala lao, ili kazi zijazo zilinganishwe nayo, au isitunzwe, na kwetu ilikuwa imeshategeshwa kutunza. Wiki tatu baadaye wanakabidhi rasmi, binti mmoja anapata 96%, nyekundu pyu.

Aliyepokea hakufungua ripoti. Kaona rangi, kaandika jina la binti kwenye orodha ya kupeleka kamati ya nidhamu, kaendelea na chai yake. Binti akaja ofisini kwangu saa mbili asubuhi, akasema "Shikamoo madam," hata sijamaliza kuitikia akaanza kulia. Nikafungua ripoti palepale, nikabonyeza chanzo cha kwanza, kimeandikwa ni kazi ya mwanafunzi, chuo ni chetu sisi wenyewe, na tarehe ni ile jioni yangu ya huruma. Yaani anashtakiwa kuiba kazi yake mwenyewe na aliyeipeleka ghalani ni mimi.

Kukiondoa chanzo kwenye ripoti ni kubonyeza tu, ikashuka mpaka 9. Ila kuifuta ile nakala ghalani moja kwa moja mwalimu huwezi peke yako, unatuma ombi halafu admini wa chuo ndo anaidhinisha, na admini alikuwa likizo. Binti alikaa siku kumi na moja hajui kama anahitimu au la. Alihitimu, lakini zile siku kumi na moja sijazisahau.

Kwa hiyo sasa hivi rasimu zote naweka isitunzwe, ya mwisho tu ndo inaenda ghalani. Marejeleo na nukuu nazitoa kwenye hesabu, na vipande vya maneno machache navyo natoa, kwa sababu ukiacha kila kitu basi "kwa mujibu wa" na jina la chuo kwenye kava vinapandisha asilimia bure. Kazi ya kikundi naruhusu mtu mmoja apandishe, muhula mmoja nilisahau, wanakikundi wanane wakapandisha faili lilelile, wote wakawa wekundu, kila mmoja kamwibia mwenzake.

Halafu hizi rangi. Bluu hakuna kilichofanana, kijani ni mpaka 24%, njano 25 mpaka 49, chungwa 50 mpaka 74, kuanzia 75 nyekundu. Wanafunzi wanazisoma kama taa za barabarani, kijani twende. Sasa mimi wezi wangu wakubwa wote wako kwenye kijani! Kuna insha ilikuja na 3%, nikaifungua, sentensi ya pili inasema "somo la sentensi lazima likubaliane na kitenzi, na kitu huja baadaye." Somo! Ndugu yangu anamaanisha kiima, ile "subject" ya Kiingereza, na hicho "kitu" ni yambwa, yaani "object". Kachukua makala ya Kiingereza akaipitisha kwenye mashine ya kutafsiri, ikatoka hivyo, na Turnitin ikampa kijani safi kwa sababu Kiswahili hicho hakuna binadamu aliyewahi kukiandika popote. Kile kipimo chao cha AI kilichokuja Aprili 2023 nacho hakinisaidii, Kiswahili hakimo. Nilimwita nikamwambia nionyeshe kiima kwenye "mtoto amekula embe," akanyoosha kidole kwenye embe.

Wapo na wa kuandika herufi nyeupe katikati ya maneno ili mashine ichanganyikiwe, hao nawaonea huruma maana mfumo wenyewe unaweka bendera kabisa, na ukiblue maandishi yote kwa kipanya unaziona zimejipanga kama kunguni.

Lakini kinachonimalizia bando na usingizi ni dedlaini. Niliweka 11:59 PM, nikaona nimefanya vizuri tu. Kumbe nusu ya darasa wamesoma "saa 11:59" wakajua ni alfajiri, wameamka saa kumi na moja na nusu wamenywa chai wanakuja kupandisha, mlango umefungwa tangu saa sita usiku. Na wale walioelewa nao walikuwa wanapandisha, wanaona asilimia, wanabadilisha maneno mawili, wanapandisha tena. Mara tatu za kwanza ripoti inakuja haraka, kuanzia ya nne inasubiri masaa 24, na hilo hakuna anayelisoma. Saa tano na dakika arobaini usiku CR, kiongozi wa darasa, ananipigia, "Madam samahani, sistimu imegoma, watu wanalia kwenye grupu." Sistimu haijagoma baba, mmeichosha.

Nimehamisha dedlaini, sasa ni Ijumaa saa kumi jioni, admini yupo ofisini, mimi niko macho, umeme ukikatika kuna mtu wa kumuuliza. Moodle ikaandika 4:00 PM, mimi nikatuma na tangazo kwenye grupu kwa Kiswahili, SAA KUMI JIONI, kwa herufi kubwa. Dakika mbili hazijaisha, meseji inaingia: "Madam shikamoo, kwa hiyo ni saa nne ya usiku si ndiyo?"